Makofi Aliyopigiwa Fundi wa Lifti

Kaka yetu, fundi wa lifti, alizaliwa tarehe 9 Julai 1970, mtoto wa kwanza wa mwashi na mshonaji wa sare za shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama anasimulia kuwa alizaliwa mkubwa hata mkunga akauliza, "Huyu amekuja na mizigo yake?" Utani huo ulimfuata maisha yote. Wengi mliopo hapa mlimwita Bonge, naye akaitika. Mtu kuitika jina si kulipenda.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari, ambako mwalimu wa michezo alimweka golini si kwa kuwa alijua kudaka, bali kwa kuwa "akisimama hapo goli linajaa." Mwalimu yule alisifika kwa ucheshi. Marehemu akajifunza kudaka, na mwaka wake wa mwisho shule haikufungwa hata mechi moja nyumbani. Mwaka 1993 alihitimu ufundi umeme chuoni.

Kuanzia mwaka uliofuata alitunza lifti za majengo ya ofisi na za hospitali. Siku moja aliingia kwenye lifti yenye makarani. "Jamani tushuke, kengele italia!" mmoja akapiga kelele, wote wakaangua kicheko. Marehemu akabonyeza kitufe taratibu. "Shukeni tu," akasema. "Ila ikikwama, mtampigia nani?" Hawakushuka, wala hawakucheka tena mpaka ghorofa ya sita.

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1998 na wifi yetu, karani wa posta. Shangazi mmoja alipomshauri bibi harusi ampunguze mumewe kwanza, wifi alijibu, "Shangazi, mimi nimemchukua mzima. Nusu sikuiomba." Walijaliwa binti mmoja. Wifi alifariki tarehe 11 Februari 2022 kwa ugonjwa wa figo, na nyumba ile, iliyokuwa na redio inayoongea kutwa, ikanyamaza.

Kabla ya msiba huo, daktari alikuwa amempeleka marehemu kwenye kliniki ya uzito kwa ajili ya magoti na shinikizo la damu. Daktari hakukosea. Kliniki ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake aliitengeneza yeye mwenyewe. Kwenye karatasi zake za kung'aa iliahidi kutunza "mwili na akili". Mwili ulitunzwa hivi: kila Alhamisi watu wazima, wenye wajukuu, walipanda mizani mbele ya wenzao na uzito wao ukasomwa kwa sauti. Aliyepungua alipigiwa makofi. Aliyeongezeka alibebeshwa mfuko wa mchanga, akazunguka nao ukumbini huku wengine wakiimba. Kuna watu wamesomea jambo hilo na kupewa vyeti.

Akili nayo ilitengewa chumba. Mlangoni paliandikwa "Ushauri Nasaha". Siku ya uzinduzi mshauri alikuja, akapigwa picha akikata utepe, hakuonekana tena. Marehemu alipofungua mlango ule akitafuta swichi ya umeme, alikuta ndimo inamohifadhiwa mifuko ya mchanga. "Angalau mchanga umepata pa kukaa," alituambia.

Baada ya kumzika wifi, alirudi kliniki akamuuliza mratibu mbele ya wenzake, "Huyu mshauri nasaha anakaa lini?"

"Anakuja, anakuja. Kwani we fundi una shida gani?"

"Mke wangu amekufa. Silali. Chakula hakipiti."

"Hakipiti?" Mratibu akawageukia wengine. "Mnamsikia? Nyie mnalitafuta hilo kwa machozi, mwenzenu kapewa bure!"

Ukumbi ulicheka. Marehemu pia alicheka, na alipotusimulia alicheka tena. Kicheko chake hicho tulikijua. Alikitumia kama mtu anayefunga mlango kwa upole ili wa nje wasijisikie vibaya.

Tangu hapo alipungua kila Alhamisi, na kila Alhamisi walimpigia makofi. Hakuna aliyemuuliza anapunguaje. Mwezi Septemba mwaka huohuo walibandika picha yake kando ya mlango wa lifti, mashavu yamebonyea, juu yake maneno "Shujaa wa Uzito". Ndugu na majirani nao walimsimamisha njiani: "Kaka, umependeza! Tupe siri." Siri ilikuwa sahani aliyoiandaa kila jioni kwa watu wawili na kuifunika bila kuigusa.

Tarehe 3 Novemba alianguka karibu na picha hiyo. Wodini, daktari kijana wa kike alimuuliza, "Mzee, nyumbani unakula na nani?" Marehemu akaongea mpaka saa ya chakula cha mchana ikapita. Tulipofika kumwona, hakutueleza habari za moyo wake uliochoka kwa njaa. Alisema, "Alikaa, mdogo wangu. Alivuta kiti, akakaa." Asubuhi ya tarehe 9 moyo huo ulisimama.

Wawakilishi wa kliniki wapo nasi, na shada lao lenye utepe wa "Shujaa wetu". Wameomba dakika tano za kutoa neno. Familia imezikataa, walikuwa na Alhamisi za kutosha. Mmoja wao ameuliza pia kwa nini jalada la ratiba hii ya mazishi lina picha ya zamani, ilhali katika ile ya kwenye lifti amependeza zaidi. Ile ni picha ya mgonjwa. Hii aliipiga wifi, siku ya ubatizo wa mjukuu wao. Anacheka, na hakuna mlango anaoufunga. Amejaa kiti chote.

Ameacha mama mzazi, binti, mjukuu aliyezoea kumpanda mgongoni kama ngazi, na wadogo watatu. Mizani iliyobaki ni ya Mungu, na hiyo haisomwi kwa makofi. Mizigo yake ameitua. Apumzike kwa amani, mzima kama alivyochukuliwa na mkewe.