Kiti Nje ya Mlango wa Nezahat

Tarehe 30 Juni, Bi Nezahat Altınok anastaafu baada ya kuwahudumia wagonjwa wa akili katika hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Alikuja huku Anatolia ya kati, nchini Uturuki, kutoka pwani ya Bahari Nyeusi akiwa muuguzi kijana, akaapa kwamba baridi yetu ingemrudisha kwao mwaka huo huo. Hakurudi. Anaondoka akiwa muuguzi mkuu, na wodi ya wanaume bado haijui itaamshwa na sauti ya nani.

Kazi yake kubwa ni hojaji ya Kituruki ya kupima madhara ya dawa za maradhi ya akili. Ilitafsiriwa kutoka lugha ya kigeni, hivyo ilibidi ijaribiwe kwa wagonjwa wetu: kila mmoja aliulizwa, akaulizwa tena baada ya wiki, na majibu yakalinganishwa. Swali la hamu ya tendo la ndoa lilizua vicheko. "Ulizeni nyinyi," Nezahat aliwaambia madaktari. "Mimi marehemu mama atafufuka anichape!" Hatimaye aliuliza yeye, kwa kuwa madaktari waliona haya zaidi.

Miongoni mwa waliohojiwa alikuwa İlyas, fundi viatu. Baba yake, Mzee Hamdi, aliketi kando yake, kama ilivyokuwa desturi ya ndugu wa wagonjwa.

"Miguu inakusumbua, İlyas? Unashindwa kutulia?"

"Namshukuru Mungu, dada. Sina neno."

Alikaa wima, magoti pamoja, viganja juu ya magoti, kama mwana anavyokaa mbele ya baba. Nezahat aliandika sifuri, yaani hana dhara lolote. Wiki iliyofuata jibu lilikuwa lile lile, na Profesa Tuncay, msimamizi wa utafiti, alifurahi.

Majira ya baridi İlyas aliacha dawa. Ugonjwa ukamrudia, akatoka nyumbani bila koti, akakutwa amekufa kwa baridi. Msibani mama yake alimwambia Nezahat, "Tangu aanze dawa alikuwa anazunguka chumbani mpaka zulia limechakaa. Anasema miguu inawaka moto. Akisikia kikohozi cha baba yake mlangoni, anakaa, katulia."

Nezahat alirudi kazini na kutaka jaribio lianze upya, ndugu wakingoja nje.

"Kazi yote hii, Nezahat? Na majibu yamelingana!" Profesa alilalamika.

"Yamelingana, mwalimu. Tumepima adabu, hatujapima dawa."

Jaribio lilianza upya. Kiti kiliwekwa nje ya mlango, chai ikapelekwa huko, na ndani watu wakaanza kusema. Wengi walibadilishiwa dawa, na leo wako kazini.

Juma lililopita Mzee Hamdi alikuja na mfuko wa matunda makavu ya aprikoti. Hana mgonjwa ndani, lakini alikaa kwenye kiti kile.

"Ningetoka, binti yangu," alisema. "Mngeniambia tu, ningetoka."

Nezahat alileta kiti cha pili, akakaa naye mpaka chai ikapoa.

Nezahat, tunakushukuru. Rudi salama kwenye bahari yako. Tunakuombea uzee wenye utulivu, na jirani atakayekuuliza hali yako, kisha akangoja jibu la kweli. Kiti chako hatutakiondoa mlangoni.