Biblia Mbili, Benchi Moja

Benchi la kijiweni lilikuwa refu, lakini ukaidi wa waliolikalia ulilizidi. Ncha ya huku alikaa Sindano, fundi nguo, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Ncha ya kule alikaa Randa, seremala, mdogo wake wa tumbo moja, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye nyusi. Walikuwa hawasemeshani tangu Krismasi, siku waliyogombana mezani kuhusu Biblia ya kusoma kabla ya chakula: ya zamani ya Sindano, au tafsiri mpya iliyokuwa kwenye simu ya Randa. Sindano alimwita mdogo wake mpagani, tena mbele ya wanawe, na chakula kikapoa. Tangu hapo kila neno kati yao lilipitia kwa Mama Kahawa, aliyekaa katikati na birika lake. Asubuhi hiyo Sindano alikuja na Biblia yake kwapani. Jumapili inayofuata ilikuwa zamu yake kusoma somo kanisani. Wazee wanataka ya zamani, vijana wanataka mpya, naye hajui ashike ipi.

— Mama Kahawa, mwambie huyo wa kule kichwa chake ni kigumu kuliko mbao anazoranda.

— Randa, kaka yako anasema una msimamo.

— Mwambie asante. Na mwambie Biblia yake imezeeka mpaka Shetani ameshaizoea.

— Sindano, mdogo wako anasema Biblia yako ina historia.

— Mwambie sijawahi kuona Neno la Mungu linalochajiwa!

— Anaulizia kama simu yako ina chaji.

Mzee Kengele, mpiga kengele mstaafu wa kanisa, aliyekaa kwenye kigoda mbele yao, alipaliwa na kahawa kwa kicheko.

— Nisikilizeni mimi. Ya zamani ndiyo yenyewe. Malaika wameyazoea maneno yale. Ukiomba kwa maneno mapya, ombi lako linawekwa pembeni, linamsubiri mkalimani.

— Kwani mbinguni kuna foleni? aliuliza Mama Kahawa.

— Tena ndefu! Unadhani mvua inachelewa kwa nini?

— Mama Kahawa, mwambie Mzee Kengele... alianza Randa.

— Mwambie mwenyewe! Huyo hujagombana naye.

— Aa, nimezoea. Mzee, mke wangu aliomba mtoto kwa tafsiri mpya. Tukapata mapacha.

Mzee Kengele akakuna kidevu.

— Mapacha? Basi mpya ina kasi. Nimehama. Kuanzia sasa mimi ni wa mpya.

— Mzee! Sindano alipiga kelele. Kahawa yako haijapoa, umeshahama?

— Wokovu haungoji, mwanangu. Tena ukiiweka mpya chini ya mto, unaota ndoto nyepesi. Kwa ile ya zamani nimeota maisha yangu yote, sijaelewa hata moja.

Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Sindano naye alicheka, na alipotupa jicho kule ng'ambo akamwona Randa anacheka kwa kuziba mdomo, vilevile kama alivyokuwa akicheka marehemu baba yao. Akajifanya anapuliza kahawa.

Hapo akatokea mwanamke mgeni, mfuko begani.

— Hamjambo hapa. Mimi ndiye mwalimu mpya wa kwaya. Kanisa liko upande gani?

— Nyuma ya stoo ya magunia, alisema Mzee Kengele. Ila kwanza tuamulie. Huyu fundi anasoma Jumapili. Ashike Biblia ya zamani au mpya?

— Somo lenyewe linasema nini?

Sindano akafungua yake, akasoma. Simu ya Randa ikapitishwa kwa Mama Kahawa mpaka kwake, akasoma na humo. Maneno yalikuwa mbalimbali, jambo lilikuwa lilelile: kama umeleta sadaka yako, ukakumbuka kuna ndugu uliyemkosea, iache hapohapo, nenda mkapatane kwanza.

— Zote nimezielewa, alisema mgeni. Sasa wewe msomaji, una ndugu uliyemkosea?

Mzee Kengele alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba amedondosha kitu humo. Randa alianza kujifuta vumbi ambalo hajawahi kulijali.

Sindano akaifunga Biblia yake.

— Mama Kahawa, mwambie...

— Simwambii! Mama Kahawa alinyanyuka na birika lake. Nimewatafsiri ninyi mpaka ulimi umeota sugu. Hilo ni la kwako.

Katikati ya benchi pakabaki wazi. Sindano akasogea kidogo. Akasogea tena, mpaka akasikia harufu ya gundi ya mbao.

— Nilikuita mpagani mbele ya wanao, alisema. Hukustahili. Nisamehe, mdogo wangu.

Randa akageuka kumtafuta Mama Kahawa.

— Mwambie... alianza, kisha akaona hakuna mtu kati yao. Akaangua kicheko, machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Yameisha, kaka. Wallahi... yaani, kweli kabisa, yameisha!

— Haya, Jumapili anasoma ipi sasa? aliuliza Mzee Kengele. Maana mimi nataka kujua kama nihame tena.

Wale ndugu walikuwa wanaongea wote kwa wakati mmoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na Mama Kahawa alipoinamisha birika kuwamiminia, likatoa tone moja tu; kahawa ilikuwa imeisha, wao bado.