Lango Limefungwa na Bado Liko Wazi

Benchi liliegemea ukuta wa zahanati, katikati ya Kinyozi na fundi viatu aitwaye Profesa kwa ajili ya miwani yake. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilizunguka, lakini Dada Waya, fundi wa kompyuta za zahanati, hakulitazama. Laptopu ilikuwa magotini, jasho puani. Wiki ile alikuwa amelihamishia daftari la wagonjwa kwenye kontena, yaani programu iliyofungashwa na vyombo vyake vyote, na sasa lilifunguka kwenye simu ya mpita njia yeyote. Daktari akifika saa nne alikute vile, Dada Waya kazi hana.

— Si uliweka ukuta wa moto, ule wa kuzuia wageni wa mtandaoni? Kinyozi akauliza.

— Niliuweka. Ukuta unasema lango limefungwa. Simu yako inasema liko wazi.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Profesa. Umelifunga mbio. Lirudie polepole.

Kinyozi akashikilia kwamba ukuta umesinzia kwa kuwa uliwekwa Ijumaa. Profesa akapanda juu zaidi: ndani ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ya zahanati, mna kompyuta nyingine ndogo, ya kike, yenye wivu. Wakacheka hadi kahawa ikawamwagikia, na Dada Waya akacheka nao bila kutaka, macho yakisoma.

— Nimeiona, akasema. Kontena inajiandikia sheria zake. Wageni wanapitishwa huko kabla hawajafika kwenye ukuta wangu.

— Kumbe mpangaji katoboa mlango wake, akasema Kinyozi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Umpe jembe atoboe tena? Profesa akamkata.

Yeye alitaka ukuta wa pili nje ya ule wa kwanza, na wa tatu wa kuulinda wa pili. Kinyozi alitaka waya ung'olewe, kisha wamwambie daktari umeme umekatika.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekaa punde tu kusubiri zamu yake, akainama mbele.

— Samahani, mwanangu. Hilo daftari, nani wa nje alihitaji kulisoma?

— Hakuna, akasema Dada Waya.

Dada Waya akaurudia mstari wa kuwashia kontena, aliouandika kwa mkono wake: lango lifunguliwe kwa dunia nzima. Akaufuta, akaandika lifunguke ndani ya kompyuta ya daftari tu, ile iliyokaa mezani kwa mpokea wagonjwa. Akaiwasha kontena upya.

— Kaka, jaribu.

Kinyozi akagusa simu. Ikazunguka, ikazunguka, ikakata tamaa.