Miwani ya Usafirishaji Bure Nchi Nzima

Mgeni rasmi, Afisa Biashara wa Manispaa; mwalimu wetu Emmanueli; wazee na majirani: amani ya Mungu iwe juu yenu.

KARIBU
Sisi wanafunzi wa darasa la jioni la watu wazima, hapa Rahaleo, Mtwara, tunakushukuru kwa kuja. Madawati haya ni ya watoto, hivyo utuwie radhi kwa magoti yako.

HISTORIA
Darasa letu lina wavuvi, mama lishe na wapagazi wa bandarini. Tunafungua kwa dua, leo Fatiha, kesho Baba Yetu. Anayesoma sentensi mpya bila kusaidiwa hupigiwa vigelegele.

MAFANIKIO
Wengi wetu tuliingia hapa tukitia dole gumba. Sasa tunasaini. Aliyetutangulia sote ni Bi Sabra, muuza samaki wa kukaanga, ambaye nia yake ni kusoma mwenyewe tafsiri ya Kurani kabla macho hayajamwishia. Ndiye aliyeona kwenye simu tangazo la miwani ya kusomea. Alisimama, akasoma kwa sauti: "Usafirishaji bure nchi nzima!" Vigelegele vilitikisa bati. Tukachanga, akatuagizia. Mzigo tukauombea, na muuzaji pia tukamwombea.

CHANGAMOTO
Boksi lilipofika ofisi ya mabasi, karani alimwambia Bi Sabra, "Bibi, lipia usafiri kwanza."

"Si bure?"

"Waulize waliokuuzia."

Bi Sabra akapiga simu. Muuzaji akajibu, "Bure ni ndani ya Dar, mama. Huko kwenu mbali."

"Kwani sisi tuko Msumbiji?"

Simu ikakatwa. Usafiri ulizidi bei ya miwani yenyewe. Tulichanga tena, kwa manung'uniko, na wenye midomo wakaanza kumwita Bi Bure. Tangu hapo hajakanyaga darasani, na mtihani umekaribia.

Mwalimu alilikuza lile tangazo. Chini kabisa, kwa herufi kama mayai ya chawa, paliandikwa: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Masharti gani, hawakusema. Hata tungeyaona maneno hayo mapema, tusingejua kitu.

Tulimtuma Fatuma, mwanafunzi mwenzetu, akambembeleze Bi Sabra. Alimkuta anaparua samaki.

"Bibi, rudi. Wale walikuwa wanatania."

"Niache, mjukuu wangu. Mimi nilisoma nchi nzima. Kama Mtwara siyo nchi, basi kusoma sijui."

MAOMBI
Mgeni rasmi, tunaomba ofisi yako iwabane wauzaji wa mitandaoni. Gharama ya kufikisha mzigo Mtwara iandikwe pembeni ya bei, mtu aione kabla hajalipa. Kama siyo bure, wasiseme bure.

La pili ni dogo. Nyumba ya Bi Sabra ni ile yenye mlango wa kijani, nyuma ya shule. Miwani yake hii hapa mezani. Tunaomba umpelekee wewe. Sisi tumeshamwambia, anatuona majirani wa kumliwaza tu. Neno la Serikali lina uzito wake. Mwambie alisoma sawasawa. Walioandika ndio waliokosea.

Mwenyezi Mungu akulinde katika safari zako, aibariki kazi ya mikono yako, na yule muuzaji amwongoze.

Ni sisi, Darasa la Jioni Rahaleo. Imesomwa na Rebeka Filipo kwa niaba ya wanafunzi wote, na Bi Sabra tumemhesabu.