Pete Juu ya Chipu

Tak.

Sauti moja tu, saa nane usiku, ndani ya chumba cha leza. Eloy alikuwa peke yake. Skrini iliyokuwa ikionyesha chembe zetu ikawa giza. Akafunga mlango taratibu, akarudi kwake. Sasa ni asubuhi, baridi ya Oktoba imeishika Albuquerque, na tuko kwenye benchi la nyuma ya maabara, burito, mikate ya kukunja yenye pilipili ya kijani, mkononi, kahawa kwenye chupa. Eloy tunamwita Pampu, maana miaka ishirini kazi yake ni kunyonya hewa kwenye mitambo. Kulia kwake Bertha, tunayemwita Kioo, mpanga lenzi. Kushoto Delfino, yaani Waya, fundi wa umeme asiyekosa jibu.

Kilichopotea hakionekani kwa macho, lakini si kitu kidogo. Ndani ya chungu kisicho na hewa, chembe kumi na tano za kalsiamu zilikuwa zikielea juu ya chipu ndogo kama ukucha, zimejipanga duara kama pete. Leza huzipoza zitulie; ikizimika, hutawanyika. Sisi tunataka pete izunguke huru, isinaswe na umeme uliosalia juu ya chipu. Wiki sita imenaswa. Leo saa nne chipu itolewe, iwekwe nyingine.

Kwetu chipu huwa na namba tu. Pete yake ikizunguka hadi asubuhi, ndipo daftarini huandikwa jina la aliyeishonea nyaya za dhahabu. Hii aliishona mke wa Pampu, chini ya hadubini, kazi yake ya mwisho kabla ya kufariki Februari. Tangu siku ile Pampu hajalitamka jina lake. Nasi tunasema "yule" tu.

— Leza imezimika, alisema Waya. Umeme uliyumba.

— Ungeyumba, taa zingezimika pia, alisema Kioo. Ni treni ya mizigo. Imetikisa meza.

— Treni saa nane, dada? Bora useme baluni. Wiki hii ya tamasha, zile za kubeba watu zimejaa angani, moja imepita juu ya paa na moto wake.

— Usiku? Haya, basi chembe zenyewe zimechoka kutazamwa. Hata mimi ningezima taa.

Pampu alitabasamu kidogo, akakunja karatasi ya burito mara nne.

— Nikimaliza kahawa nitaitoa mwenyewe, alisema. Asiiguse mtu mwingine.

Waya akammiminia tena, akijaza kikombe hadi ukingoni ili kisiishe upesi.

Ndipo akaja Leandra, mwanafunzi aliyeanza Jumatatu. Akasalimu, akasimuliwa yote, treni na baluni pia. Akauliza kwa adabu:

— Samahani, mjomba. Kuna aliyekwenda kuangalia?

Tukatazamana. Tulikaa pale tangu saa moja, na mlango uko hatua thelathini.

Tukaingia. Kioo akainama juu ya meza. Leza ilikuwa inawaka, haikukatika hata kidogo. Kilichojifunga ni kifuniko cha kamera inayozitazama chembe. Kamera ikipata joto hukifunga yenyewe. Tak. Ilikuwa imefumba jicho tu. Kioo akakifungua.

Leandra akasogea kwenye skrini, sauti ikamshuka.

— Poleni. Zile nukta kumi na tano sizioni. Kuna mstari wa duara tu.

Waya akasukuma kiti, akainamia skrini. Chembe zilizonaswa huonekana nukta nukta. Zikizunguka, kamera haiwahi kuishika hata moja. Huona duara zima, laini, lisilo na pengo. Usiku kucha hakuna aliyegusa swichi, na umeme wa juu ya chipu ukatulia wenyewe. Pete ikaachiwa.

Kioo alimshika Pampu kiwiko.

Leandra aliona daftari liko wazi mezani, namba ya chipu imeandikwa, mahali pa jina patupu. Akachukua kalamu.

— Hii aliishona nani? Niandike nani?

Waya akaangalia dari. Kioo akaangalia viatu vyake. Pampu akafuta vidole kwenye suruali, akaweka kimoja juu ya skrini, akalifuata duara polepole mpaka akarudi alipoanzia.

— Consuelo, alisema.