Hatua Mia Nne Kutoka Garini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sitaanza na muziki. Leo nina hasira, na sitaificha.

Tunamkumbuka fundi wa maji, mwanamke wa miaka arobaini na minne. Wenzake walimwita Dada Bomba. Yeye alicheka tu, akasema afadhali hilo kuliko Dada Mtaro. Alifanya kazi idara ya maji miaka kumi na tisa. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji, akihakikisha maji ya mlimani yanafika jikoni kwako.

Kazi yenyewe ilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza, kuendesha gari hadi barabara inapoishia. Nusu ya pili, kupanda kwa miguu msituni hadi kwenye tangi la zege linalokinga maji ya chemchemi.

Mwaka jana idara iliamua kuwanunulia mafundi vifaa vya GPS, vile vinavyokuonyesha ulipo na unakokwenda. Dada Bomba akaombwa apendekeze. Mwingine angetaja chochote, mambo yaishe. Yeye aliazima viwili, akavijaribu wiki tatu, juani na mvuani.

Cha kwanza kilikuwa na kioo kipana, cha kubandika mbele ya dereva. Kilisema kwa sauti: kata kulia, kata kushoto. Barabarani kilimfurahisha. Alipokitoa garini, betri ilikata roho kabla ya saa mbili kuisha. Na msituni kilikuwa kipofu. Kilirudia neno moja tu: rudi barabarani, rudi barabarani. Nyumbani alimwigizia mumewe sauti ile. Mumewe ni fundi cherehani. Alicheka hadi akapoteza sindano.

Cha pili kilienea kiganjani. Hakikuogopa maji. Kilitumia betri za kubadilisha. Kilionyesha miinuko na makorongo, na kilichora njia uliyopita ili urudi nayo. Kwa dereva kioo kilikuwa kidogo. Basi akatafuta kishikizo, akakifunga karibu na usukani, akakiwekea na ramani ya barabara, akaendesha nacho siku nne. Kikafaa kote kuwili.

Akaandika barua ya kurasa mbili. Mumewe anayo nakala. Mna sentensi hii ndani yake: "Gari linaishia barabara inapoishia. Kazi yetu haiishii hapo."

Sasa, mkuu wa idara hajawahi kupanda mlima ule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alipenda kioo kipana, akaagiza vile vya kwanza, kumi na viwili. Dada Bomba alipokwenda kuuliza, alijibiwa mbele ya karani: "Wewe ni fundi wa mabomba, si rubani wa ndege."

Alitoka, akarudi kazini. Jioni alimwambia mumewe kwamba dharau ameshaizoea. Kilichomkaba ni kujua kwamba kuna mtu atapotea.

Na mkuu hakuishia hapo. Akatoa amri kwamba, kwa kuwa vifaa vipo, mafundi wasipande tena wawili wawili. Mmoja anatosha.

Mwezi wa nne mvua ilileta matope na magogo, tangi likaziba, hospitali ikakosa maji. Dada Bomba akatumwa. Peke yake. Mumewe alimsihi akatae. Akajibu: "Kuna wanawake wanajifungua pale bila maji. Nikigoma leo wataumia wao, siyo mkuu."

Saa tano asubuhi mabomba ya hospitali yalitoa maji. Ndivyo tunavyojua kwamba alifika. Alizibua tangi lile peke yake, kwa mikono yake.

Kisha ukungu ukashuka. Kifaa kilikuwa kimeshazimika. Akaikosa njia, akateleza korongoni. Wenzake walimpata siku ya tatu, hatua mia nne kutoka lilipokuwa gari. Narudia: hatua mia nne.

Sikilizeni ripoti ya idara inavyosema. Inasema amekufa kwa uzembe wake mwenyewe, kwa kuwa hakufuata maelekezo ya kifaa. Maelekezo gani? Kifaa kilichozimika kinamwelekeza nani?

Mazishini mkuu alisimama kutoa rambirambi. Mume alimwacha amalize. Kisha akaitoa ile barua mfukoni, akaisoma polepole, kurasa zote mbili, na mkuu amesimama palepale akiangalia viatu vyake. Jumatatu iliyofuata mafundi kumi na mmoja waliingia ofisini kwake, kila mmoja akaweka ufunguo wa gari mezani. Wakasema hawapandi hadi wapate vifaa alivyovichagua dada yao, na hadi warudi kupanda wawili wawili. Siku ya tisa walipata yote mawili.

Siku tisa, wasikilizaji wapendwa. Kumbe iliwezekana. Ilibidi afe kwanza ndipo barua yake isomwe.

Kwa mumewe, kwa binti zake wawili na kwa mafundi wenzake: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote tuliokunywa maji yake. Na wewe uliyekalia kiti cha kuamua, fungua droo yako leo. Tazama ni barua ya nani umeilalia.

Mkuu yungali kazini. Ripoti haijabadilishwa hata nukta. Nilimuuliza mume anadai nini. Akaniambia: "Wafute lile neno uzembe. Binti zangu wanajua kusoma."