Bi. Mangatayaru na Mume wa Rangoon

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 1967, Bi. Korukonda Mangatayaru anatimiza miaka thelathini ya utumishi katika Studio ya Kolleru, hapa Vadapalani, Madras, na anastaafu. Mhasibu wetu anasema kwenye hesabu zake ameandikwa mwigizaji. Meneja anasema ni mtunzi. Bi. Mangatayaru mwenyewe hakuigiza hata picha moja, wala hakuwahi kuandika hata mstari. Miaka yote hiyo amekuwa akisimulia. Filamu ikiwa bado haijapigwa, mara nyingi ikiwa bado haijaandikwa, yeye ndiye aliyekaa mbele ya wasambazaji wa Bezwada na Guntur, akawasimulia mwanzo hadi mwisho, wakalia, wakacheka, wakatia sahihi.

Alivyoipata kazi hiyo ni kwa bahati tu. Mwaka 1937 aliletwa Madras aigize mama mkwe mkorofi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, mwanamke mwenye sauti ya kujaza uwanja, aliyekuwa akizunguka na mjomba wake vijiji vya Godavari akiimba na kusimulia visa vya miungu kwenye nyua za mahekalu, njuga miguuni. Tulitegemea makubwa. Lakini mwongozaji alipomwambia amtukane mkwe wake, Bi. Mangatayaru aliitazama lenzi, akakunja mikono kifuani, akaiinamia kwa heshima kama aliyekutana na jicho la mungu. Wakarudia. Akainama tena. Taa moja ikapasuka kwa joto, wakamwambia akapumzike.

Huko alikopumzika akaanza kuwasimulia mafundi wa taa kisa cha ile picha. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Alikuwa ameyaona mavazi yametundikwa kambani, basi kutokana na mavazi akajitungia. Mafundi wakaziacha taa. Mwenye studio, Bwana Nidumolu Seshachalam, akaja mbio kuwagombeza, akasimama, kisha akavuta sanduku akaketi.

"Hiyo ni picha ya nani?" akauliza kisa kilipokwisha.

"Ni yako, bwana."

"Yangu haina nyoka."

"Basi mtie."

Nyoka akatiwa, na picha ikaonyeshwa Rajahmundry mpaka utepe ukachakaa. Tangu hapo akawa wetu. Sifa zake zilikuja pamoja na malalamiko, maana wasambazaji wakishaiona filamu iliyokamilika walikuwa wakituma watu kutuambia, "Mmetuletea siyo. Tunataka ile aliyotusimulia yule mama."

Ila kazi yake kubwa kuliko zote ilitokana na mkorogo wa mwaka 1951, na wengi wenu mliokuja baadaye mmeusikia nusunusu. Mimi nilikuwapo, na hata leo sina hakika kama niliuelewa.

Lazima niseme kwanza jambo ambalo Bi. Mangatayaru hakulificha wala kulitangaza. Aliozwa akiwa mtoto. Alipofika miaka kumi na sita akapelekwa kwa mumewe Kotipalli, wakaishi pamoja msimu mmoja wa mvua, kisha mume akapanda meli kwenda Rangoon kutafuta kazi kama walivyofanya nusu ya vijana wa pwani ile. Alikuwa akileta salamu kupitia watu waliorudi. Halafu vita vikafika, Rangoon ikapigwa mabomu, watu wetu wakatoka kwa miguu kupitia misituni, wengi wakafia njiani, na salamu zikakatika. Bi. Mangatayaru hakuvua bangili wala hakufuta tone jekundu kipajini, kama wafanyavyo wajane. Lakini maua ya nywelini, ya wake wenye waume, hakuyavaa pia. Wanawake wa chumba cha mavazi hawakujua wampe pole au wamwalike kwenye harusi, kwa hiyo walifanya yote mawili.

Sasa, Bwana Seshachalam alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kumkatalia mtu. Mshairi Somayajulu alipomjia na kisa cha mke aliyeachwa na mume aliyekwenda Rangoon, akasema andika. Kijana Bhujangarao wa Bezwada alipomjia na kisa hichohicho, akasema andika. Hakuna aliyeambiwa habari za mwenzake. Kila asubuhi mwongozaji alipewa kurasa zilizotangulia kufika, akapiga. Mwongozaji alikuwa Mtamili, na Kitelugu chetu alikielewa akipenda.

Siku moja tukakaa gizani kutazama vipande vilivyopigwa. Mwanamke alikuwa amevaa nyeupe, ananyolewa nywele za ujane. Kipande kilichofuata, mwanamke yuleyule, nywele hadi kiunoni na maua tele, anamlaki mumewe kituoni. Taa zikawashwa.

"Mume amekufa!" Somayajulu akafoka. "Nimemlilia kwa beti kumi na mbili!"

"Basi jifute machozi, mzee wangu," Bhujangarao akasema. "Kwangu ameshuka kwenye treni na sanduku lake."

"Maiti hapandi treni, we kijana."

"Kwenye mashairi yako hata walio hai ni maiti."

Bwana Seshachalam akamgeukia mwongozaji, "Na wewe hukuona?"

"Niliona," mwongozaji akajibu kwa unyonge. "Nilidhani ni mapacha."

Wasambazaji walikuwa wanafika siku ileile. Tukafanya kama tulivyozoea kila tulipokwama: tukamwita Bi. Mangatayaru, tukampa visa vyote viwili kwa pupa, kila mtunzi akimvuta upande wake, tukamsukumia chumbani.

Alianza vizuri. Alimfanya mama mkwe, akamfanya ng'ombe, akaifanya meli ikipiga honi na mke akiwa kwenye matope akiitazama mpaka ikawa nukta. Msambazaji wa Guntur, mtu mnene asiyecheka, alishaanza kutafuta leso. Akafika kwenye habari za mabomu. Akanyamaza.

"Halafu?" Mguntur akauliza.

"Halafu sijui."

Tulidhani ni mbwembwe za usimulizi. Tukangoja. Bi. Mangatayaru akasimama, akatoka nje, akaenda zake hadi kwenye bomba la maji nyuma ya karakana. Bwana Seshachalam akamfuata mbio, nami nikawafuata na bilauri, sijui ya nini, maana pale palikuwa na bomba.

"Mama, sema lolote," Bwana Seshachalam akamsihi. "Ukimuua tutamzika, ukimfufua tutampokea. Nitapiga lolote utakalosema."

"Bwana, wangu mimi namzika leo namfufua kesho, miaka tisa sasa. Leo unaniuliza mbele ya watu wa Guntur?"

Bwana Seshachalam akakaa chini kwenye vumbi na shuka yake nyeupe ya dhoti. Bi. Mangatayaru akanawa uso, akanawa tena, akajifuta kwa upindo wa sari, akarudi ndani. Hakuketi. Alisimulia akiwa amesimama.

Alisema kila siku mwanamke yule hupima mchele wa watu wawili. Jirani wanamcheka, mama mkwe anamkemea kwa kuharibu chakula, yeye anapima tu. Siku moja, siku ya kawaida, hakuna mgeni wala habari yoyote, anachota mchele, anaushika ule wa pili mkononi, anautazama, anaurudisha mtungini. Anapika. Anakula. Anashiba.

"Kwa hiyo mume amekufa," Mguntur akasema.

"Sijasema amekufa."

"Kwa hiyo atarudi?"

"Akirudi, atapikiwa."

Mguntur akatoka nje kidogo, aliporudi macho yalikuwa mekundu na akaomba kalamu. Somayajulu alisema mwisho ule hauwezi kuingia kwenye beti, na kutoka kinywani mwake sikuwahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo. Bhujangarao alifurahi kwa sababu haukuhitaji maneno. Baadaye kila mmoja alidai ameutunga yeye. Bi. Mangatayaru aliwaachia.

Picha ilipotoka, Bezwada wanawake waliiona mara mbili mbili. Guntur mtu alirusha ndara kwenye pazia akidai aletewe mwisho wake. Nasi hatukujua tushangilie au tuombe radhi.

Kisha wakaanza kuja waume. Sikutegemea kuandika neno hilo kwa wingi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wanaume waliorudi kutoka Rangoon, wengine hawana kwao, waliiona picha ile wakaamini ni habari zao, wakaja getini. Mlinzi aliwapa maji na kuwaelekeza kituo cha treni. Kwa hiyo mvua za mwaka 1953 zilipomleta mtu mrefu, sikio la kushoto halipo, kapu la zana za useremala begani, mlinzi alimwuliza tu, "Wewe mume wa ngapi mwezi huu?"

"Sijui," yule mtu akasema. "Ninatoka Kotipalli. Naitwa Appalaswami."

Mlinzi alijua Kotipalli ni kwa nani. Akamleta mpaka barazani kwetu. Mume wa Bi. Mangatayaru naye aliitwa hivyo, ila jina halikuwa ushahidi, kwa kuwa ukilitaja jina hilo sokoni upande ule watageuka watu kumi. Bi. Mangatayaru alimwonyesha kiti, lakini yule mtu akaketi kwenye kizingiti cha mlango. Wakaanza kuulizana, na sisi tuliokuwa ndani tukaacha kuandika.

"Mlango wa nyumba ulielekea wapi?" Bi. Mangatayaru akauliza.

"Mashariki."

"Kaskazini."

"Nakumbuka jua likiingia."

"Jua liliingia dirishani."

Mtu yule akafikiri. "Ulikuwa na kovu gotini."

"Ninalo. Nani aliyekulia Godavari hana kovu gotini?"

"Ulikuwa mwembamba."

"Na wewe ulikuwa na sikio."

"Sikio nililiacha msituni, mama." Akajishika pale penye pengo. "Na si sikio tu. Homa ya kule ilinila kichwa. Nakumbuka nilikuwa na mke. Uso siukumbuki. Niliiona picha yenu Samalkot, nikasema huyu, ndiye huyu! Nimetembea mpaka hapa. Naambiwa yule ni mwigizaji."

"Ni mwigizaji. Tena wa Tanjore, hata Kotipalli hapajui."

Wote wawili wakacheka, tena kwa muda mrefu, kisha wakatazama mvua. Bi. Mangatayaru alimwangalia yule mtu mikono, akamwangalia miguu. Nami nilimwangalia Bi. Mangatayaru, mwanamke aliyeweza kuwafanya watu mia walie kwa kisa cha uongo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea sokoni.

"Umekula?" akamwuliza hatimaye.

"Bado."

Akaenda akampikia. Kesho yake Bwana Seshachalam akamwajiri yule mtu kwenye karakana ya seti, na kila jumba la kifalme mliloliona kwenye picha zetu tangu hapo limepigiliwa na Appalaswami.

Miaka kumi na minne walikula pamoja chakula cha mchana kwenye baraza ile: wali, mchuzi wa ukwaju, achari ya majani ya gongura. Jioni yeye alirudi kwenye vyumba vya maseremala, Bi. Mangatayaru kwenye nyumba yake. Mara kwa mara swali jipya lilichomoza katikati ya tonge, kuhusu kisima, kuhusu jina la fahali. Mara jibu lilipatana, mara halikupatana. Chumba cha mavazi kiligawanyika makundi mawili: wanaosema ni mumewe na wanaokataa. Kundi la kwanza lilishika kwamba Bi. Mangatayaru hajawahi kulitamka jina la Appalaswami, na mke wa kwetu halitaji jina la mumewe, basi ushahidi ni huo. Siku moja wakamkabili.

"Shangazi, mbona humwiti jina lake?"

"Nimwite ili iweje? Sikio lenyewe hana."

Wakabaki palepale walipokuwa.

Katika miaka hiyo Bi. Mangatayaru alisimulia zaidi ya filamu hamsini. Aliwafundisha watunzi vijana kusema kisa kwa mdomo kabla ya kukishika kwa kalamu. Bhujangarao, ambaye sasa ana mvi na gari, hakosi kuja kumsomea. Alimuuguza Mshairi Somayajulu katika maradhi yake ya mwisho, akimsimulia visa vya zamani vya mjomba wake, na mshairi akawa anamsahihisha vina mpaka pumzi ikamwishia.

Wiki iliyopita tulisikia kwamba Jumamosi atapanda treni ya Calcutta, inayopita pwani ya kwao, kurudi Kotipalli. Tukasikia pia kwamba Appalaswami ameomba kuacha kazi, ingawa muda wake haujafika, na kwamba tiketi ni mbili. Kamati ya kumuaga ilichanganyikiwa. Kadi za sherehe zilikuwa zinangoja kuchapwa, na hakuna aliyejua majina hayo mawili yaandikwe vipi. Nikatumwa mimi.

Nilimkuta nyumbani anafunga vyombo. Appalaswami alikuwa sakafuni anapigilia sanduku. Nikaeleza nilichotumwa, kwa kuzungukazunguka, mpaka mwenyewe nikapotea. Bi. Mangatayaru alinisikiliza kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "tumeulizana mpaka maswali yamekwisha. Nimekaa miaka mingi sijui, peke yangu, nimechoka. Heri kutojua wawili."

"Sasa kwenye kadi, mama, tuandike Appalaswami ni nani?"

Nyundo ikanyamaza.

"Andika seremala," akasema Appalaswami mwenyewe, akachukua msumari mwingine.

Ndivyo ilivyochapwa. Bi. Mangatayaru, kwa niaba ya wote waliowahi kukaa mbele yako wakasahau chai yao ikapoa, pokea shukrani zetu. Safari iwe nyepesi. Tunawaombea wewe na seremala nyumba isiyovuja, majirani wasio na maneno, na umri mrefu wa kuuliza na kubishana.

K. Venkatappayya
Idara ya Hadithi, Studio ya Kolleru